Baba Amebadilisha Thamostati Mwenyewe

Nyumbani kwenu,
Chumba cha cherehani.
Tarehe 9, mwezi wa nane.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili, yule mkubwa bado anagoma kuvaa soksi? Wabusu kwa niaba ya shangazi yao, na umwambie wifi gauni lake nimeshalikata, limebaki kushonwa tu, asidhani nimemsahau.

Sisi huku tunaendelea. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake uko salama kabisa, unafanya hadi kazi za miguu. Mimi ni mzima, ukiondoa vidole vilivyochubuka na moyo usiotaka kukaa mahali pamoja. Habari za Baba ndizo zilizonifanya nishike kalamu, kwa hiyo vumilia, nitafika.

Ningekupigia, lakini simu zetu unazijua. Baba amekaa pale pale, sauti imefunguliwa nyumba nzima isikie, Mama anadakia kabla hujamaliza sentensi. Wewe unaanza, "Shikamoo Baba, gari linaendeleaje?" Yeye anajibu, "Marahaba, linaendelea," na hapo mazungumzo ya baba na mwana yamekwisha. Barua hii ataileta yule rafiki yako wa shule anayerudi huko wiki ijayo. Nimemwapisha asiifungue.

Mwandiko usiushangae. Nimekaa kwenye kiti cha cherehani, na kila nikifikiri, mguu unakanyaga pedali wenyewe na meza inatikisika. Nimeshainuka kwenda kuangalia geti. Nikainuka tena kuangalia kama nimezima jiko. Geti limefungwa, jiko limezimwa, mimi ndiye sijatulia.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Mtaa mzima bado unamwita Baba "Dereva" ingawa amestaafu siku nyingi. Mtu aliyewabeba wauguzi kwenye basi la hospitali maisha yake yote ya kazi bila kukwaruza hata kuku, unaanzia wapi kumwambia kwamba ameanza kukosea njia? Mara ya kwanza alipita geti letu, akasimama kwa mwalimu jirani, akapiga honi na kumgombeza binti wa watu kwa kuchelewa kufungua. Hilo tulilifanya kichekesho. Halafu ikaja ile siku ya pipa la taka, mimi nikiwa nimekaa naye mbele. Akasimama katikati ya barabara, akalipungia pipa mkono livuke. Akalingoja. Akalalamika kwamba watu wa siku hizi hawana haraka. Mimi kimya. Nilipokusimulia ulicheka, halafu ukaacha kucheka, ukaniambia kwamba anayeona pipa ni mtu, siku moja ataona mtu ni pipa. Tangu siku hiyo nilikuwa nikisikia gari linawashwa, sindano inanichoma kidole.

Ndipo gari likaanza kuchemka. Mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu, mvuke unatoka kwenye boneti, Baba anarudi nyumbani kwa miguu akiwa amenuna. Akaitwa Fundi Taratibu, yule aliyekuwa utingo wake kwenye basi kabla hajafungua gereji. Fundi akasema ni thamostati imekwama. Mimi nilikuwa sijawahi hata kusikia jina lake. Ni kidude kidogo cha kutosha kiganjani, chenye spring, kazi yake kufungua mlango: injini ikishapata moto, kinayaachia maji yaende kwenye rejeta yakapoe. Cha Baba kilikuwa kimefunga na hakifungui tena. Fundi akakitoa, akarudisha kifuniko, akataka kufanya wanavyofanya mafundi wote, akitupe tu, gari liende bila kuwa nacho. Baba akakataa katakata. Alisema injini isiyopata joto lake inazeeka mapema, na yeye hawezi kupanda gari lililong'olewa kitu.

Nilipokueleza hayo wewe ndiye uliyesema kwa sauti ya chini, "Basi hicho kipuri kisipatikane." Nami nikaona kaka yangu ana akili kuliko watu wote. Nikaenda gereji kumsihi Fundi. Akajikuna, akasema taratibu dada, mzee huyu ndiye aliyenifundisha kushika spana. Lakini mwishowe akaja, akasimama mlangoni bila kuingia, akamwambia Baba kwamba kipuri cha gari lake kimeadimika, labda kiagizwe. Baba akasema, "Sawa, mwanangu." Tukafunika kombe, tukajipongeza. Mama hatukumwambia, maana siri ukimpa Mama ni sawa na kuibandika getini.

Kaka, hukuyaona yaliyofuata. Baba aliliosha gari lisilokwenda popote. Akalifuta. Akafungua boneti, akafunga. Akaingia ndani ya nyumba, akakaa, akainuka, akaenda kukaa kwenye usukani, akarudi kuuliza saa ngapi, akatoka tena bila kungoja jibu. Kila akipita dirishani kwangu nilikuwa napiga cherehani kwa nguvu ili nisionekane namtazama. Sare za shule nilizishona kombo, mikono yote ikawa ya kushoto, nikazifumua. Nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja anayetembea na mwingine anayesikiliza anavyotembea.

Aliyechoka wa kwanza ni Mama. Alisema mwanamume akizunguka ndani namna hiyo anammaliza mwenzake kabla ya siku zake. Siku ya Ijumaa akajifunga mtandio, akaiomba kwa Baba ile thamostati mbovu, akaifunga kwenye kitambaa, akaondoka bila kuniaga. Akaenda kwenye duka la vipuri kule karibu na soko, akamwekea mwenye duka mezani. Mwenye duka hakuinuka hata kwenye kiti. Alinyoosha mkono rafuni, akampa mpya pamoja na gasketi yake. Mama karudi anang'aa, anamsema Fundi kwa uvivu wake wa kutafuta. Mimi nilikuwa mlangoni. Baba alikipokea kile kiboksi, akakigeuzageuza, na uso wake ukawa mtulivu kuliko nilivyouona tangu gari liharibike. Nilijua hapo hapo kwamba ameshaelewa. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu haikufika hata sokoni.

Hakumpigia Fundi. Aliingia jikoni, akachukua sufuria ya chai ya Mama, akachemsha maji na kutumbukiza thamostati zote mbili, mbovu na mpya. Akaniita.

"Zitazame. Niambie ipi imefungua."

"Mpya, Baba."

"Ile nyingine?"

"Imebana vile vile."

"Haya. Kesho tukimaliza chai unishikie tochi."

Mama alikuwa anapiga kelele kuhusu sufuria yake. Mimi nilibaki najiuliza kwa nini hakutazama mwenyewe.

Jumamosi hiyo injini ilikuwa ya baridi, jua limeshapanda, tochi ya nini sijui. Nadhani alikuwa na aibu kusema anataka macho. Alikalia stuli ya Mama mbele ya gari, akatandaza gunia chini, akaweka karai kukinga maji. Kaka, ungemwona. Hakuangalia chochote. Alikuwa amekaza uso kuelekea ukutani, na mikono ndiyo iliyokuwa inakwenda. Ikaufuata ule mpira wa juu wa rejeta hadi mwisho wake, ikaipata klipu, ikailegeza. Ikazipata bolti za kifuniko. Kila aliyoitoa alinikabidhi mkononi na kunikumbusha nisiichanganye, maana moja ni ndefu. Maji ya rangi yakamwagika kwenye karai na kwenye kiatu chake, hakujali. Nilipochubuka vidole nikikwangua mabaki ya gasketi ya zamani, alicheka kidogo, akasema sasa na mimi nimepata cheti.

Nilikuwa nimesimama pale natamani kukimbia. Nilikuwa nawaza: baada ya saa moja gari hili litakuwa zima, na kesho atatoka nalo, na barabarani kuna watoto wa watu. Nilikuwa nawaza pia kwamba sijawahi kukaa naye karibu hivyo tangu nikiwa mdogo. Yote mawili kwa pamoja, Kaka, kichwa kimoja.

Ndipo akanipa ile mpya. "Weka wewe. Vidole vyangu leo havina adabu. Spring iangalie ndani, kwenye injini. Ikiangalia nje haiupati moto, haitafungua."

Nikaiweka spring ikiangalia nje.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, na nilipouona umekwenda sikuurudisha. Niliwaza gari litachemka tena, atachoka, ataliuza, hakuna atakayekuwa amemvunjia heshima. Baba akauliza, "Inaangalia wapi?"

"Ndani, Baba."

Akapeleka kidole, akakizungusha pale taratibu. Akaitoa, akaigeuza, akaikalisha vizuri, akaibonyeza. "Ilikuwa imegeuka," alisema. "Lete gasketi." Basi. Hakuinua sauti wala hakuinua uso. Kama angenizaba kofi, mtu mzima na watu wazima wenzangu wakiniona, ningeshukuru.

Tukafunga bolti, ile ndefu mahali pake. Tukajaza maji, tukaacha kizibo wazi ili hewa itoke. Akaniambia niingie niwashe. Injini ikakohoa, ikatulia. Yeye alibaki amesimama na mkono juu ya boneti, na kutoka pale nje akaniuliza mshale uko wapi. Nikamwambia uko chini. Baada ya muda akauliza tena. Nikamwambia umefika katikati na umesimama.

"Unasema kweli?"

Kaka, hilo ndilo swali lililonivunja. Maisha yangu yote mzee huyu hajawahi kuniuliza kama nasema kweli. Nilishuka, nikasimama mbele yake. Alinishika mkono, akaulaza kwenye ule mpira wa juu. Ulikuwa vuguvugu, halafu nikahisi moto unapita chini ya kiganja, unakwenda kwenye rejeta. Mlango umefunguka. Alitabasamu. Mimi nikalia, na katika kulia nikasema, "Baba, huoni."

"Najua," alisema. "Macho ni yangu."

Nikaanza kujieleza, pipa, geti la mwalimu, wewe, Fundi, yote yakatoka kwa mkupuo. Aliningoja nimalize. Akasema alilijua pipa lile ni pipa, lakini alilijua lilipokuwa limeshapita dirishani, na usiku ule aliogopa kuliko mimi. Akasema alikuwa anangoja mmoja wetu aseme. Badala yake tukaenda kumfundisha uongo kijana wake wa kazi.

"Mlitaka niachishwe na kipuri," alisema. "Mimi nikataka niache gari likiwa zima. Dereva hatelekezi gari barabarani halafu akasema amestaafu."

Akazima injini mwenyewe. Akaitoa funguo ya gari kwenye ule mnyororo wake, ikamsumbua, kucha hazina nguvu, sikuthubutu kumsaidia. Akaiweka kwenye meza yangu ya cherehani, kati ya vifungo na chaki, akaenda kunawa mikono.

Utasema tumepata tulichotaka. Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini tangu jana funguo hii ipo hapa mbele yangu na siwezi kuitazama. Nimeisogeza chini ya kitambaa, nikaitoa, nikaitia kwenye droo, nikaitoa tena. Nilitaka asiendeshe. Sikutaka kumwona anarudi ndani ya nyumba mikono mitupu, akipapasa fremu ya mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Leo asubuhi amenikalisha kwenye usukani, humu humu uani. Wewe alikufundisha ukiwa hujaota ndevu; mimi nilipewa cherehani, na hilo nimemkumbusha nikiwa nimeshika giya. Akasema kweli, kisha akasema niachie klachi polepole. Gari limeruka na kuzimika, limeruka na kuzimika, Mama yuko barazani anacheka hadi anajishika mbavu, anauliza kama nalifundisha gari kuruka kamba au gari linanifundisha mimi. Baba hakujua aiweke wapi mikono yake. Kiti cha abiria hakijui. Mguu wake ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo.

Fundi Taratibu alikuja kuomba radhi. Alijikunyata mlangoni kama kawaida yake. Baba akamwambia aingie, akamfokea hadi majirani wakasikia, si kwa kusema uongo, bali kwa kutaka kuitoa thamostati na kuitupa. Sasa Fundi ndiye atakayetupeleka Alhamisi kwa daktari wa macho, kwa gari hilo hilo, maana mimi bado narukaruka.

Na hapo kwa daktari ndipo moyo wangu ulipokwama. Mama alimuuliza ukungu huu ulianza lini. Mama, ambaye tulimficha yote kwa sababu ya mdomo wake, ndiye aliyeuliza moja kwa moja, kisha akatuangalia sote akasema mficha uchi hazai. Baba akafikiria, akajibu kwamba ulikuwepo tayari wakati wewe unatuma ile picha ya mwanao mdogo alipozaliwa. Kaka, unaikumbuka ile picha? Baba aliishika sebuleni mbele ya wageni, akasema mtoto anafanana na marehemu bibi, hasa paji la uso. Tulifurahi sote, nikakuandikia, na wewe ukamwambia wifi. Hakuona kitu. Alisema aliona weupe na kivuli, akasema alichodhani babu anapaswa kusema.

Mtoto huyo sasa anatembea. Muda wote huo, jicho likiumwa, sisi tulikuwa tunamuuliza habari za gari. Sijui daktari atasema tumewahi au tumechelewa. Kila nikiiwaza hiyo Alhamisi nainuka naenda getini, kama vile jibu litaletwa huko.

Wasalimie wote: wifi, mama mkwe wako, mjomba na watu wa nyumbani kwake kama mnaonana, na wale wanangu. Mama anakusalimu na anasema umekonda kwenye sauti. Mungu awaweke, awafungulie mlango wa riziki na wa afya, na atupe sote ujasiri wa kusemezana.

Ombi langu ni moja. Piga kabla ya Alhamisi. Mwamkie, na akikujibu marahaba, usimuulize gari linaendeleaje. Gari ni zima, nimeliwekea mkono mwenyewe. Muulize macho yake. Halafu mwelezee yule mtoto, paji la uso, pua, rangi, masikio, yote, taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kumwona.

Mimi ni mdogo wako akupendaye,
Fundi cherehani wenu